Bati

Darasa la jioni liko nyuma ya soko la Arua,
lilikuwa ghala la tumbaku, kuta zake bado zinatupigisha chafya.
Tuko kumi na wanne. Mimi nauza vitenge,
Drateru ana cherehani, mzee Anguyo alikuwa polisi
na Kiswahili chake mpaka leo kinasimama mguu sawa.
Madamu Candiru akaandika ubaoni
neno la kwanza la ukinzani. Herufi tatu tu.
"Tamkeni."
Tukatamka: bati.

Si bati, akasema huku akicheka,
mwisho wake ukatwe, kama uzi kwa meno.
Mimi nilikwisha kulielewa.
Mvua inanyesha, bati, kitanda changu kikavu.
Nani asiyejua kazi ya bati?
Juu mbingu inafanya itakavyo,
chini nimelaza watoto,
katikati kitu chembamba chenye kelele nyingi.

Wiki ya pili ikaja ingawa yao,
neno refu, herufi zake za nyuma zimekaa tu
kama wageni wa matanga wanaongojea chai.
Nikaandika:
Ingawa Alemi aliondoka, lakini watoto wanasoma.
Kalamu nyekundu ikashuka.
"Chagua moja, Zaituna. Kiingereza hakibebi zote mbili."
Madamu, chetu kinabeba, nikamjibu,
moja mgongoni, moja kichwani,
si ndivyo tunavyotoka sokoni?
Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye alitazama dirishani kidogo,
kisha akaikata lakini yangu kwa rula.
Sentensi ikabaki imeinama bega moja.

Mzee Anguyo anapenda hata hivyo.
Nukta kabla yake, mkato baada yake:
simama, pumua, nyuma geuka!
Anasema Waingereza waliitoa kwenye gwaride.

Licha ya ndiyo iliyonitoa jasho.
Haitaki mtu anayetenda.
Inataka jina, jambo lililokwisha kuwa kitu.
Usiseme licha ya Alemi aliondoka,
sema licha ya kuondoka kwa Alemi.
Nikakaa na kalamu mpaka taa ya sola ikaanza kufifia.
Miaka sita nimeishi na aliondoka:
kila alfajiri anafunga kamba za viatu,
kila alfajiri ananiuliza redio iko wapi,
na lori la Juba linapiga honi
nami sijapata la kumjibu.
Leo naambiwa niligeuze. Kuondoka kwake.
Kama sanduku. Lina pembe, lina mfuniko,
laweza kusukumwa chini ya kitanda
na mtu akapiga deki kulizunguka.
Nikaandika, polepole, kila herufi.
Kalamu nyekundu ikapita juu yake, haikushuka.

Jumamosi tukafanya jaribio.
Swali la nne: Yeye ni maskini. Yeye ana furaha.
Unganisha.
Drateru akanyoosha mkono,
akauliza nani aliyewaambia kwamba hizo zinagombana.
Madamu akasema andika tu, muda unakwisha.
Drateru akaziunganisha kwa na,
akapoteza alama mbili,
na mpaka leo hajakata rufaa wala hajajuta.

Tulipotoka, mvua ilikuwa imefunga barabara.
Nikakimbilia kibaraza cha duka la mbolea,
nikamkuta Madamu amesimama pale,
viatu mkononi, madaftari yetu ndani ya mfuko wa plastiki
kifuani, kama mtoto mchanga.
Paa lilikuwa likipigwa hata maneno hayasikiki.
Akapaza sauti: "Tungelowa!"
Nikanyoosha kidole juu.
"Bati," nikamwambia.
Hakunisahihisha. Akasogea,
nikapata pa kusimama.